Msitu wa Wamaya Umesimama Palipo na Wavunaji

Mwaka 1990 Guatemala ilitangaza Hifadhi Hai ya Maya katika mkoa wa Petén, eneo la hekta milioni 2.1 hivi. Sehemu yake ikafanywa hifadhi za taifa, marufuku kuvuna. Sehemu nyingine ikakabidhiwa vijiji kwa mikataba ya miaka 25: vuneni, uzeni, lakini mlinde.

Mtu angedhani vijiji ndivyo vitakavyoumaliza msitu. Wapi! Hifadhi ya taifa ya Laguna del Tigre, upande wa magharibi, imechomwa moto vipande kwa vipande ili kupanda majani ya ng'ombe, na baadhi ya ranchi hizo ni za walanguzi wa dawa za kulevya wanaosafishia fedha kwenye mifugo. Carmelita na Uaxactún, vijiji vyenye mikataba, karibu havipotezi msitu.

Wanakijiji wengi ni wajukuu wa wagema wa ulimbo wa kutengenezea chingamu. Mgema hupanda mti wa chicozapote kwa kamba, akichanja gome kwa panga mshazari, huku na huku, hadi utomvu mweupe ushuke wenyewe, chanjo kwa chanjo, mpaka kwenye mfuko uliofungwa shinani. Kisha mti huachwa miaka kadhaa upone. Wengine huchuma majani ya xate, yanayosafirishwa Marekani kupambia mashada ya maua. Mahogani nayo hukatwa, ila miti michache tu kwa hekta, na eneo lililovunwa hupumzishwa miongo. Mwenye kula humo hamkaribishi mchoma msitu.

Na ardhi hii inajua kupona. Wamaya wa kale waliifyeka sana kwa mashamba na majiji kama Tikal. Majiji yalipohamwa, miti ikarudi. Chavua iliyozikwa kwenye tope la Ziwa Petén Itzá inaonyesha kwamba msitu ulirejea ndani ya miaka 80 hadi 260.

Mwaka 2019 Carmelita iliongezewa miaka 25 mingine. Agosti 2025 Guatemala, Mexico na Belize zikatangaza ukanda wa pamoja wa hifadhi wa hekta milioni 5.7. Ni habari njema, ila ramani haizimi moto. Serikali hizo zianze na mikataba ya vijiji. Kutangaza hifadhi na kuondoka kumeshajaribiwa Laguna del Tigre.