Jembe likitoa sarafu Mau Narok, usikimbilie broka

Uko shambani Mau Narok unavuna viazi, jembe linatoa kitu cha duara, kimechakaa. Kabla hujamtumia broka picha, ngoja kidogo.

Kama kina simba na milima nyuma yake, huenda ni shilingi ya Afrika Mashariki. Zilianza 1921, na hadi katikati ya miaka ya 1940 robo yake tu ndiyo ilikuwa fedha. Ile yenye tundu na pembe za ndovu ni senti, haina fedha hata chembe. Kwa hivyo msee wa mtandaoni anayekuahidi mamilioni halafu anataka kwanza "pesa ya usajili" anakuchezea. Mnunuzi wa kweli hukulipa wewe, si wewe umlipe.

Fedha halisi ni stori nyingine. Uingereza ya kale, enzi za Mfalme Offa wa Mercia (757–796), peni iligongwa kwa mkono: kipande chembamba cha fedha katikati ya mihuri miwili ya chuma, nyundo juu, pah! Offa pia alitoa sarafu ya dhahabu iliyonakiliwa kutoka dinari ya Khalifa al-Mansur. Fundi hakujua Kiarabu, akaandika OFFA REX huku maneno ya Kiarabu yakiwa kichwa chini. Kopi-pesti ya karne ya 8, manze!

Huku kwetu Kiarabu hakikuwa shida. Shanga, kule Lamu, kumechimbuliwa visarafu vya fedha vyenye majina ya watawala wa hapo hapo. Na 1984, Mtambwe Mkuu kisiwani Pemba, zikapatikana zaidi ya 2,000 pamoja, nyingine zikiwa na jina la Ali bin al-Hasan. Maneno ya upande mmoja yana vina na ya upande wa pili. Mistari kwenye chapaa!

Tunajua ni za karne ya 11 hivi kwa sababu zilikuwa zimelala na dinari za Wafatimi, ambazo huandikwa mwaka. Mtu angezitoa mojamoja na kuziuza, hesabu hiyo ingepotea.

Kwa hivyo usiisugue kwa limau wala waya. Piga picha ikiwa pale pale, andika ni shamba gani, kina gani. Kwa sheria ya 2006, kitu kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya 1895 ni mali ya kale, na unafaa kuwaarifu Makavazi ya Kitaifa. Shilingi ya simba haimo humo. Hiyo weka tu kwa droo, ama mrudishie nyanya, huenda ni yeye aliiangusha.