Mnunuzi Asiyetaka Kuliona Gari

Gari ni mali ya nyumba nzima. Hata kama kadi yake imeandikwa jina la baba, fedha zilizolinunua zilitoka katika mshahara ambao ulinyimwa mambo mengine mengi: nguo za sikukuu, mabati ya jiko, pengine hata karo ya muhula mmoja. Kwa hiyo siku gari linapouzwa, si baba peke yake anayeuza. Na siku linapochukuliwa kwa ulaghai, si baba peke yake anayeibiwa.

Zamani mwenye kuuza gari mjini Bujumbura alimwendea dalali, yule ambaye wenyeji humwita komisioneri, akamwachia kazi ya kutafuta mnunuzi. Siku hizi picha tano zilizopigwa kwa simu ya mkononi katika ua wa nyumba huko Carama, kaskazini mwa jiji upande wa Kinama, huonekana kwa dakika moja Ngozi, Uvira, Kigoma na hata Ulaya. Soko limepanuka, na hilo ni jambo jema. Lakini soko lililo wazi kwa wanunuzi wote li wazi pia kwa walaghai wote.

Chukua mfano wa kaya moja ya Carama, ambayo yaweza kuwa kaya yoyote. Baba ni askari. Amepata uhamisho wa kwenda mkoani na anatakiwa kuripoti baada ya majuma mawili. Mafuta yamekuwa ya shida, na Toyota yao imelala uani siku nyingi kuliko inavyotembea. Wameamua kuiuza kwa faranga milioni 30, wakaweka tangazo kwenye Facebook Ijumaa jioni. Kabla ya kulala, ujumbe umefika. Mwenye kuuandika anajitambulisha kuwa ni afisa wa jeshi la nchi nyingine, yuko katika kazi ya kulinda amani, hawezi kuja kuliona gari, lakini ameridhika kabisa na picha. Hapunguzi bei hata kwa faranga moja. Anaahidi kulipa kwa dola na kumtuma wakala aje kulichukua. Anachoomba ni namba ya akaunti, picha ya kadi ya gari na picha ya kitambulisho cha mwenye gari.

"Mama watoto, Mungu ametusikia," anasema baba.

"Baba watoto," anajibu mama, "juzi nilinunua sufuria sokoni, nikaigonga mara tatu nisikie kama ina ufa. Huyu ananunua gari zima, wala hataki kulisikia likinguruma?"

Swali la mama huyu lina hekima yote ambayo muuzaji anaihitaji.

MNUNUZI WA KWELI HUTAFUTA KASORO

Mtu anayetoa jasho lake kununua gari lililokwisha kutumika huwa msumbufu. Huja na fundi. Huinama chini akatazama kama oili inavuja. Hufungua boneti, hulinganisha namba ya chesisi na ile iliyoandikwa katika kadi, huuliza kwa nini mlango mmoja umepakwa rangi upya. Kisha hulalamika kwamba bei ni kubwa. Usumbufu huo haufai kumuudhi muuzaji, kwa kuwa ni dalili kwamba mtu huyo ana fedha zake mwenyewe na anaogopa kuzipoteza.

Mlaghai hana hofu hiyo, kwa sababu hanunui. Hasumbuki na kasoro za gari, bali hutafuta kasoro za muuzaji: ana haraka? Ana shida ya fedha? Anaheshimu vyeo? Ndiyo maana husifu kila kitu, hukubali bei upesi, kisha huhimiza mambo yamalizike leo. Ahadi ya dola nayo ni chambo kilichochaguliwa kwa makusudi, hasa katika nchi ambamo fedha za kigeni ni adimu na bei ya dola mtaani huipita mbali bei rasmi.

SARE SI KITAMBULISHO

Yafaa askari na polisi walitafakari jambo moja zaidi. Mlaghai hupenda kuvaa sare ya uongo kwa sababu watu huziamini sare za kweli. Idara ya upelelezi wa jinai ya jeshi la Marekani imekuwa ikionya kwa miaka mingi kuhusu watu wanaoiba majina na picha za wanajeshi ili kuwalaghai wengine katika intaneti. Kisingizio cha kuwa "kazini ng'ambo" huwafaa sana, maana hueleza kwa mara moja kwa nini mnunuzi haonekani, kwa nini simu yake ni ya nchi nyingine, na kwa nini atamtuma mtu wa tatu.

Mlinzi wa lango la kambi hamruhusu mtu kupita kwa kuwa tu amevaa vizuri na anazungumza kwa amri. Humsimamisha, humwuliza, huthibitisha. Utaratibu huo usiachwe kambini askari arudipo nyumbani.

HILA ZINAZOJULIKANA

Hila za watu hawa zina sura nyingi, lakini mizizi yake ni michache.

Ya kwanza ni malipo yanayozidi bei. Gari ni la milioni 30, lakini inaletwa hundi ya milioni 36. Mnunuzi anaomba radhi, anasema milioni 6 zilizozidi ni za wakala wa usafirishaji, na anamsihi muuzaji amtumie wakala huyo leo hii. Ni lazima ieleweke kwamba fedha za hundi kuonekana katika akaunti si uthibitisho kwamba hundi ni halali. Hundi ya kughushi, hasa ya benki ya ng'ambo, yaweza kugunduliwa baada ya majuma kadhaa, na hapo benki huzidai fedha zake kwa mwenye akaunti. Milioni 6 alizotuma zilikuwa zake mwenyewe, nazo hazirudi.

Ya pili ni ujumbe wa malipo bandia. Tangu M-Pesa ilipoanza nchini Kenya mwezi Machi 2007, kutumiana fedha kwa simu kumekuwa jambo la kila siku katika Afrika Mashariki. Burundi nako watu hutumia Lumicash na EcoCash. Mlaghai huandika ujumbe unaofanana na ule wa kampuni, kisha hupiga simu akilia: "Kaka, nimekosea, nimekutumia arubuni mara mbili, nirudishie moja." Muuzaji mwema huona haya, naye hutuma upesi. Dawa yake ni moja: kutazama salio mwenyewe kabla ya kugusa kitu. Na kama kweli kuna fedha zilizotumwa kimakosa, zirudishwe kupitia kampuni. Nchini Kenya, kwa mfano, aliyekosea kutuma kwa M-Pesa hupeleka ujumbe wake kwenye namba 456 ili kampuni ishughulikie.

Ya tatu ni ya hatari kwa kuwa huwagombanisha watu wawili waaminifu. Mlaghai huchukua picha za tangazo la kweli, akazitangaza upya kwa bei ya chini. Mnunuzi wa kweli anapojitokeza, mlaghai humwambia, "Nenda Carama, ndugu yangu atakuonyesha gari, lakini usizungumze naye habari za bei." Kwa muuzaji naye husema, "Nitamleta mteja, usimtajie bei, mimi nitamalizana naye." Mteja analiona gari, anaridhika, anamlipa mlaghai kwa simu. Kisha wanabaki wawili uani wakitazamana, mmoja akidai gari, mwingine akidai fedha. Kwa hiyo mteja yeyote anapofika, na aulizwe waziwazi: ameambiwa bei gani, na anamlipa nani?

Ya nne ni kuomba kitu kidogo. Mmoja ataomba tarakimu zilizofika katika simu ya muuzaji, akidai ni za "kuthibitisha tangazo". Tarakimu hizo ni ufunguo wa WhatsApp au wa akaunti ya fedha. Mwingine atataka muuzaji alipie kwanza ripoti ya gari katika ukurasa wa intaneti asioufahamu. Namba ya siri haina mnunuzi anayeihitaji.

NJIA ILIYO SALAMA

Tangazo lenyewe liandikwe kwa uangalifu. Namba za gari zifunikwe katika picha, wala kadi na kitambulisho visitumwe kwa mtu asiyeonekana. Mnunuzi atavikagua kwa macho yake atakapofika.

Kukutana kuwe mchana, mahali penye watu, na muuzaji asiwe peke yake. Anayetaka kulijaribu gari aonyeshe leseni ya udereva, na mwenye gari aketi ndani pamoja naye. Funguo zisiachwe ndani ya gari hata kwa dakika ya kwenda kuleta maji ya kunywa. Mpaka wa Gatumba hauko mbali na Bujumbura, na gari likishavuka, kulirudisha ni kazi ngumu.

Malipo yafanyike benki. Noti kubwa ya Burundi ni ya faranga 10,000, kwa hiyo milioni 30 ni noti 3,000, mabunda 30 ya noti mia mia. Hakuna awezaye kuzihesabu na kuzikagua sawasawa juu ya boneti. Tena mwezi Juni 2023 Benki ya Jamhuri ya Burundi iliziondoa katika matumizi noti za 5,000 na 10,000 za toleo la 2018. Asiyezitambua aweza kupewa rundo la karatasi zisizo na thamani. Mbele ya dirisha la benki, mtumishi huzihesabu, huzikagua na huziingiza katika akaunti muuzaji akishuhudia. Kama malipo ni kwa hundi au kwa uhamisho wa fedha, muuzaji aiulize benki yake mwenyewe, kwa kwenda kwa miguu yake, wala asitegemee picha ya stakabadhi iliyoletwa na mnunuzi.

Mwishowe ni maandishi. Mali bila daftari hupotea bila habari. Mkataba wa mauzo utaje majina ya pande zote mbili, namba ya chesisi, bei, tarehe na hata saa ya kukabidhiana, ukiwa na saini za mashahidi. Kisha umiliki ubadilishwe katika Ofisi ya Mapato ya Burundi, OBR. Gari linalotembea bado likiwa na jina la mwenyewe wa zamani laweza kumletea faini na maswali ya polisi kwa makosa asiyoyafanya.

AKIISHA KULAGHAIWA

Wengi hunyamaza kwa aibu, hasa wenye vyeo. Aibu hiyo ndiyo ngao ya mlaghai. Aliyelaghaiwa asifute ujumbe wowote. Aende mara moja benki au kwa kampuni ya simu kuomba fedha zizuiwe, kisha aripoti polisi akiwa na namba, picha na tarehe. Burundi ina sheria ya kuzuia na kuadhibu jinai za mtandao tangu mwaka 2022, na Tanzania inayo yake tangu 2015. Ndugu walioko Tanzania waweza pia kuipeleka namba ya mlaghai kwenye 15040, namba iliyowekwa na mamlaka ya mawasiliano ya nchi hiyo.

Na ile kaya ya Carama? "Afisa" wa ng'ambo aliandikiwa sentensi moja: gari lipo, mtume mtu alione, na malipo ni benki. Hakujibu tena. Siku ya tano alifika mwalimu mmoja kutoka Buyenzi pamoja na fundi wake. Walilala chini ya gari, wakalitia kasoro saba, wakalalamikia matairi, wakapatana kwa milioni 28. Baba alinung'unika kidogo kwa milioni mbili zilizopungua. Mama alimkumbusha kwamba milioni 28 zilizohesabiwa benki ni nyingi kuliko 36 zilizoandikwa kwenye simu.

Juma lililofuata askari aliripoti kazini kwake, na karo ya watoto ikalipwa.