Mofini si hati ya kifo, ila yahitaji saa na kipimo

WAGONJWA wengi wa saratani hukesha wakigugumia kwa maumivu ilhali dawa ya kuwatuliza imo kabatini, hatua chache tu kutoka kitandani. Jamaa zao wanaiogopa. Wameambiwa kwamba mofini hupewa mtu ambaye daktari amemkatia tamaa, au kwamba atakayeionja atakuwa mraibu.

Hofu hiyo haikuzuka hivi hivi. Mofini hutokana na afyuni, ile kasumba ambayo siku hizi jina lake tunalitumia zaidi kukashifu fikra potovu, na heroini yenyewe hutengenezwa kwa mofini. Sheria ya Kenya ya 1994 kuhusu dawa za kulevya huidhibiti, lakini humruhusu mgonjwa kuwa nayo kwa agizo la daktari. Shirika la Afya Duniani nalo limeijumuisha katika orodha ya dawa muhimu, na mnamo 1986 lilitoa mwongozo wa kuitumia kutuliza maumivu makali ya saratani.

Mofini ya maji, ambayo aghalabu hutumiwa nyumbani, hufanya kazi kwa takriban saa nne. Ndiyo maana hutolewa kila baada ya saa nne, hata kama mgonjwa hajalalamika. Anayengoja hadi mgonjwa alie huwa amechelewa, kwani maumivu yaliyokwisha kupamba moto ni magumu kuyazima. Baadhi ya madaktari huongeza kipimo cha wakati wa kulala ili mgonjwa asiamshwe usiku. Hilo ni la daktari kuamua, si la mlezi.

Kijiko cha jikoni hakifai kupimia. Tumia sirinji isiyo na sindano, na usome kibandiko kila unapoletewa chupa mpya: ni miligramu ngapi katika mililita ngapi? Chupa mbili zinaweza kufanana, kumbe moja ina nguvu mara kumi ya nyingine.

Usingizi na kichefuchefu vya siku za mwanzo kwa kawaida hupungua. Kufunga choo hakuishi, na kwa hakika ni jambo dogo linaloharibu mengi: mgonjwa huumwa tumbo, aila ikailaumu mofini na kuiacha. Dawa ya kulainisha choo yafaa ianze siku ile ile. Kuacha mofini ghafla pia ni kosa, maana mwili huwa umeizoea. Hupunguzwa hatua kwa hatua. Mazoea hayo ya mwili si uraibu.

Hatari kubwa ni kuichanganya na pombe au vidonge vya usingizi, kwani vyote hufifisha pumzi. Mwenye maradhi ya figo naye amfahamishe daktari mapema, kwa kuwa dawa hulimbikizana mwilini mwake. Ukiona mgonjwa haamshiki, anapumua kwa nadra na mboni za macho zimenywea kama tundu la sindano, usimwongeze hata tone. Mkimbize hospitalini, ambako kuna dawa iitwayo naloksoni ya kuondoa sumu hiyo.

Chupa ifungiwe mahali mtoto hafiki. Mgonjwa akifariki, kilichosalia kirudishwe hospitalini kilikotoka, wala asipewe jirani anayeumwa na mgongo.