Maji ya Kihansi na haki ya chura mdogo

Swala ya Alfajiri tuliiswali Ifakara, kisha basi letu likashika njia ya Mlimba. Tulikuwa vijana ishirini na wawili wa madrasa, walimu wao wawili, na mimi katibu wa kamati ya msikiti, niliyekabidhiwa barua ya ruhusa na fedha za safari. Kushoto kwetu lilitandaa bonde la Kilombero na majaruba yake ya mpunga. Kulia ilisimama milima ya Udzungwa, vilele vikiwa bado vimefunikwa na mawingu. Huko ndiko tulikokuwa tukielekea, kwenye kituo cha kufua umeme cha Kihansi.

Safari hii ilizaliwa katika kikao cha kamati. Fedha za umeme wa msikiti zilikuwa zikipanda kila mwezi, kwa kuwa pampu ya maji ya udhu ilikuwa haipumziki. Vijana waliaswa wasiache bomba wazi. Wakaitikia, na kesho yake bomba zikakutwa wazi. Mzee wetu mmoja akasema: “Wapelekeni wakaone umeme unakotoka, huenda macho yakasikia kuliko masikio.”

Ndani ya mlima

Mto Kihansi hutoka nyanda za juu za Iringa na kuporomoka ukingoni mwa Udzungwa kuelekea bondeni. Juu ya maporomoko hayo limejengwa bwawa ambalo ukuta wake una urefu wa mita 25 tu. Vijana walishangaa, kwani walitarajia ukuta mkubwa. Mhandisi aliyetupokea akawaeleza kuwa nguvu ya Kihansi haitokani na wingi wa maji bali na kimo cha mlima. Maji huingizwa katika njia iliyochimbwa ndani ya mwamba, yakashuka takriban mita 850, kisha yakapiga kwa kasi vikombe vilivyopangwa kuzunguka gurudumu la chuma. Gurudumu likizunguka, umeme hupatikana. Mitambo iko mitatu, kila mmoja una uwezo wa megawati 60, na jumla yake ni megawati 180 ziingiazo katika gridi ya taifa.

Mitambo hiyo imo ndani ya mlima, nasi tuliifikia kwa handaki. Humo ndani mngurumo ulitufanya tusemezane kwa ishara. Maji yakimaliza kazi hurudishwa mtoni, yakaenda Kilombero, kisha Rufiji, ambako huzungusha tena mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere kabla ya kuingia Bahari ya Hindi. Subhanallah, tone moja hutumika mara mbili na halipotei.

Swali la kijana

Tulipotoka nje, mhandisi alituonesha upande lilipo korongo la maporomoko, akatusimulia habari ya chura wa Kihansi. Chura huyu ana rangi ya manjano, urefu wake haufiki sentimita 3, na hazai kama vyura wengine watagao mayai majini, bali huzaa watoto waliokamilika. Aligunduliwa mwaka 1996, ujenzi wa kituo ukiwa unaendelea, na duniani kote hakuonekana ila katika korongo hilo moja, akiishi kwa manyunyu ya maporomoko.

Mitambo ilipoanza kazi, maji ya korongoni yalipungua hadi kama sehemu moja ya kumi, na manyunyu yakakauka. Vyura 499 walipelekwa Marekani mwishoni mwa mwaka 2000 ili watunzwe huko, na korongoni zikatandazwa bomba za kunyunyiza maji. Hata hivyo, mwaka 2003 waliobaki walipungua ghafla, na maradhi ya ukungu yakakutwa miongoni mwao. Mwaka 2009 ikatangazwa kuwa wametoweka katika makazi yao ya asili. Kizazi cha wale waliokwenda ng’ambo kilirejeshwa Dar es Salaam mwaka 2010, na mwaka 2012 vyura wakaanza kuachiwa tena korongoni.

Kijana mmoja akaniuliza mbele ya wenzake: “Ustadhi, maji haya ni haki ya nani, yetu au ya chura?”

Nilijibu upesi kwamba vyote vimeumbwa kwa ajili ya manufaa yetu, na kwamba taa ya hospitali ni bora kuliko chura. Wengine wakacheka. Yeye hakucheka, nami nikaona kuwa nimemnyamazisha bila ya kumjibu.

Nilichokumbuka njiani

Wakati wa kurudi nilikumbuka hadithi niliyoisoma chuoni, iliyomo katika Sunan ya Abu Dawud: tabibu mmoja alimuuliza Mtume (s.a.w.) juu ya kumtia chura katika dawa, naye akakataza kumuua. Niliihifadhi kwa ajili ya mtihani, na siku niliyoihitaji sikuikumbuka. Nikakumbuka pia kuwa Surat Al-An’am, aya ya 38, inatufahamisha kuwa wanyama na ndege ni umma mfano wetu.

Tulipositisha safari kwa swala, nilimwita kijana yule nikamwambia mbele ya wenzake kuwa jibu langu lilikuwa pungufu. Umeme tunauhitaji, na kuufua si dhambi. Lakini maji ya Kihansi hayakutufikia bure: kiumbe mwingine alipunguziwa fungu lake ili sisi tuwashe taa. Aliyepewa kitu kwa gharama ya mwingine hana udhuru wa kukifuja. Kijana akasema: “Basi bomba tunazoacha wazi, tunamdhulumu na chura.” Sikuwa na la kuongeza.

Kamati imekwisha kubadilisha bomba zilizokuwa zikivuja, na vijana wamejipangia zamu ya kukagua mahali pa udhu baada ya kila swala. Ndugu mzazi, usiku wa leo waulize wanao umeme wa nyumbani kwenu unatoka wapi, na nani mwingine alikuwa akiyategemea maji hayo. Wakikuuliza jambo usilolijua, usiwe mwepesi wa kujibu kama nilivyokuwa mimi.