Kitale na Bungoma: Ploti Zinapoutangulia Mpango wa Mji
Sensa ya mwaka 2009 ilihesabu watu 106,187 katika mji wa Kitale na ile ya mwaka 2019 ikahesabu 162,174, ongezeko linalozidi nusu katika muda wa miaka 10, na iwapo kasi hiyo haitapungua, makao hayo makuu ya Kaunti ya Trans Nzoia yatapita watu 250,000 kufikia mwaka 2030. Idadi hiyo ni mojawapo ya masharti ambayo Sheria ya Miji na Majiji, kama ilivyorekebishwa mwaka 2019, inaweka ili mji upandishwe hadhi kuwa jiji, na kwa kuwa Eldoret ilikwisha kuipata hadhi hiyo Agosti 2024, ni rahisi mjadala wa Kitale nao ukaishia kwenye hadhi, ilhali lililo zito zaidi ni namna ardhi inayouzunguka mji inavyokatwa wakati huu.

Kitale ilianzishwa na walowezi mwaka 1908, ikafikiwa na reli mwaka 1926, na ikapangwa kama mji mdogo wa kuyahudumia mashamba makubwa ya mahindi na ng'ombe. Baada ya uhuru mashamba mengi yalinunuliwa kupitia skimu za makazi na kampuni za wanunuzi wa ardhi, yakagawanywa kuwa ekari chache chache, na sasa ekari hizo, hasa zilizo pembezoni mwa mji, zinakatwa tena kuwa ploti za futi 50 kwa 100. Ekari moja hutoa ploti 8 za kipimo hicho, na masalio yake ni membamba mno kuwa barabara ya maana. Kwa hiyo muuzaji akiacha njia pana hupoteza ploti ya kuuza, na akiibana hupata faida, naye jirani yake hufanya vivyo hivyo pasipo njia hizo mbili kukutana. Bodi ya kudhibiti ardhi, ambayo kisheria hutoa idhini ya kugawanya ardhi ya kilimo, hupokea maombi ya shamba moja moja. Hivyo hakuna anayelitazama eneo zima kwa pamoja, na mtaa huzaliwa bila hifadhi ya barabara, yaani ukanda unaoachwa wazi kwa ajili ya njia, mabomba na mitaro. Miaka 20 baadaye lori la kunyonya majitaka halipiti, gari la zimamoto halipiti, na serikali hulazimika kulipa fidia kwa ardhi ambayo ingeweza kutengwa ilipokuwa bado shamba la mahindi.

Kitale ina kumbukumbu yake yenyewe ya kupanga kwa njia bora zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, shirika la ITDG, ambalo baadaye liliitwa Practical Action, lilishirikiana na baraza la manispaa na wakazi wa mitaa ya mabanda ya Kipsongo, Tuwan na Shimo la Tewa katika upangaji shirikishi, maana yake upangaji ambao wakazi wenyewe huchora ramani ya mtaa wao na kuamua kitakachotangulia, iwe chemchemi, choo au kivuko. Inasikitisha kwamba njia hiyo ilianzia pale ambapo msongamano ulikuwa umekwisha kutokea, wala si kwenye mashamba ambayo yalikuwa bado hayajakatwa.

Bungoma inakua kwa umbo jingine, ikijinyoosha kando ya reli na barabara kuu iendayo Malaba, kupitia Kanduyi, na kuelekea Chwele, upande ambako Chuo Kikuu cha Kibabii, kilichopewa hati yake mwaka 2015, kinavuta nyumba za kupangisha. Hata hivyo, maji yanaiunganisha miji hii miwili: vijito vya Kitale huingia katika Mto Nzoia, ambao hukusanya maji ya Mlima Elgon na milima ya Cherangani, ukashuka hadi Webuye katika Kaunti ya Bungoma, na kampuni moja ya maji, ile ya Nzoia, imezihudumia kaunti zote mbili kwa miaka mingi. Majitaka yasiyopangiwa mahali Kitale huwafikia watu walioko chini ya mto.

Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 inadai mpango jumuishi wa maendeleo wa miaka 5, ambao huenda sambamba na muhula wa gavana, pamoja na mpango wa matumizi ya ardhi wa miaka 10, unaoonyesha kwenye ramani mahali pa makazi, viwanda na kilimo. Nao mpango wa kitaifa wa matumizi ya ardhi unaanzia 2015 hadi 2045. Bajeti hufuata ule mfupi, na hapo ndipo penye kasoro, kwa sababu mtaro mkuu wa majitaka hauonekani kabla ya uchaguzi. Ibara ya 189 ya Katiba inaziruhusu kaunti kuunda kamati na mamlaka za pamoja, na kazi ya kwanza ya mamlaka ya pamoja ya Trans Nzoia na Bungoma ingekuwa kuweka alama za mipaka ya kingo za mito, barabara kuu za baadaye na ardhi ya mitambo ya majitaka kuanzia Kitale, kupitia Kiminini, hadi Webuye, kabla ya mpima ardhi wa muuzaji kufika huko.