Istilahi za Tiba: Upasuaji wa Pili wa Moyo

Hospitali ya Rufaa ya KCMC mjini Moshi, iliyofunguliwa mwaka 1971, huwahudumia watu wa mikoa ya kaskazini. Mgonjwa wa moyo kutoka huko anapotakiwa kutia sahihi ya kukubali kupasuliwa, popote atakapopasuliwa, sharti maneno ya fomu yamfikishie ukweli.

Upasuaji tunaouzungumzia ulistawishwa na René Favaloro mjini Cleveland, Marekani, mwaka 1967. Ateri zinazoulisha moyo zinapozibwa, daktari huchukua vena ya mguuni au ateri ya kifuani na kuiunganisha ili damu ipite kando ya kizuizi. Neno la karibu ni "mchepuko", kama wa barabara. Lakini siku hizi neno hilo lina maana ya mpenzi wa nje ya ndoa, na wodini litazua kicheko pasipostahili. Twapendekeza "mkondo wa pembeni". Mkulima wa miteremko ya Kilimanjaro atalielewa mara moja: mfongo ukizibwa na kifusi, maji hupitishiwa kando.

Tatizo la pili ni kitenzi "kurudia". Mwanafunzi hurudia darasa aliloshindwa. Hivyo mgonjwa akiambiwa kuwa upasuaji utarudiwa, atadhani daktari wa kwanza alikosea. Mara nyingi sivyo. Vena ya mguuni haikuzoea msukumo mkubwa wa damu. Baada ya miaka 10 takriban nusu ya mikondo ya aina hiyo huwa imeziba au kuwa myembamba. Ile ya ateri ya kifuani hudumu zaidi. Tena ugonjwa wenyewe huendelea katika ateri za asili. Maumivu ya kifua yakirejea, na dawa au vijibomba vya kupanulia ateri visipofaa, ndipo upasuaji wa pili hufikiriwa.

Hatari zake zisifichwe chini ya neno "changamoto". Makovu huwa yameugandamanisha moyo na mfupa wa kidari, hivyo kuufungua upya kwaweza kuchana moyo au mkondo unaofanya kazi. Uchafu wa mkondo wa zamani waweza kumeguka na kuziba mbele. Mishipa ya kupandikiza imepungua, na umri umesogea. Kwa hiyo hatari ya kufa ni kubwa kuliko mara ya kwanza.

Basi twapendekeza "upasuaji wa pili wa mkondo wa pembeni wa moyo". Jina ni refu, lakini halimlaumu mtu, wala halimfichi mgonjwa jambo analolitilia sahihi.