Mbwa wa Matiliku hutembea bila kamba, na hapo ndipo hatari ilipo

MWENYE mbwa jijini Nairobi humfunga kamba shingoni siku ya Jumapili, akampakia garini na kwenda kumtembeza katika msitu wa Karura, ambako kanuni zinataka mnyama huyo asiachiliwe ovyo. Kusini mwa Mombasa, katika ufuo wa Diani, matembezi hayo hufanywa asubuhi maji yanapokupwa, kabla ya mchanga kushika moto. Kwingineko Pwani desturi hiyo ni nadra, kwa kuwa Waislamu wa madhehebu ya Shafi huhesabu mate ya mbwa kuwa najisi, na chombo alichokiramba huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo.

Matiliku, katika kaunti ya Makueni, hakuna mtu anayeaga nyumbani akisema anakwenda kumtembeza mbwa. Huko ngiti, kama Wakamba wamwitavyo, huamka na kufuata kazi. Mbuzi wakifunguliwa zizini, naye yumo nyuma ya mchungaji. Punda wakipelekwa kwenye mto wa mchanga kubeba mitungi ya maji, yeye hutangulia, akisimama hapa na pale kunusa vichaka. Jioni hurudi na mifugo, na usiku, wenye nyumba wakilala, huanza safari nyingine ambayo hakuna anayeijua ilikomea wapi.

Zamani alikuwa na safari ya tatu. Wakamba walisifika kwa uwindaji wa mishale, na mbwa ndiye aliyemfukuza mnyama kutoka kichakani. Serikali ilipiga marufuku uwindaji mwaka wa 1977, na sheria ya wanyamapori ya mwaka wa 2013 haikulegeza kamba. Hata hivyo, mbwa hasomi sheria, na akimwona sungura atamkimbiza.

Kwa macho ya mgeni, mbwa wanaozurura hivyo hawana wenyewe. Hilo ni kosa. Uchunguzi uliofanywa katika wilaya jirani ya Machakos miaka ya 1990 ulionyesha kuwa karibu kila mbwa alikuwa na boma lake, ila wengi wao hawakufungwa kamwe. Ulionyesha pia kwamba wengi walikuwa wachanga, kwani mbwa wa kijijini haishi miaka mingi: hugongwa na magari, hufa njaa au magonjwa, na watoto wapya huzaliwa kushika nafasi zao.

Mambo hayo mawili ndiyo yanayowasumbua madaktari wa mifugo wanaopambana na kichaa cha mbwa. Ugonjwa huu ulithibitishwa nchini Kenya mwaka wa 1912, kwa mbwa aliyepatikana viungani mwa Nairobi, na Ukambani umeota mizizi kwa miongo mingi. Mnyama asiyefungwa hukutana na wenzake njiani, hupigana nao, na wakati mwingine hukabiliana na bweha. Mate ya mgonjwa yakipenya kwenye jeraha, virusi huingia katika neva na kupanda polepole kuelekea ubongo.

Polepole huko ndiko kunakohadaa watu. Kwa kawaida binadamu aliyeumwa hukaa miezi miwili au mitatu bila dalili yoyote, ingawa muda huo waweza kuwa wiki moja au kufikia mwaka. Kidonda hupona, mtoto hurudi kuchunga, na jamaa husahau. Siku dalili zinapojitokeza, homa, fadhaa, koo kukaza kwa kuona maji tu, tiba huwa imechelewa na kifo ni karibu hakika. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 59,000 hufa hivyo kila mwaka ulimwenguni, wengi wakiwa barani Asia na Afrika, na mbwa ndiye chanzo cha visa 99 kati ya kila 100. Watoto wa chini ya miaka 15 ni sehemu kubwa ya wanaoumwa.

Si ajabu kuwa ni watoto. Likizo ya shule ikianza, wao ndio wachungaji, na mbwa ni rafiki yao wa machungani. Aghalabu mtoto aliyeumwa huficha, akihofia kugombezwa kwa kumchokoza mnyama, au kuogopa kwamba mbwa wake atauawa. Mzazi mwenye busara huuliza kwanza na kukaripia baadaye, ikibidi.

Jambo la kufanya halihitaji fedha mwanzoni. Jeraha huoshwa papo hapo kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, hata kama ni mkwaruzo mdogo. Lisipakwe majivu, pilipili wala mafuta ya gari. Kisha safari ni ya hospitali, na kwa wakazi wa hapa ya Matiliku ndiyo iliyo karibu, ili chanjo ianze siku hiyo hiyo na kurudiwa kwa tarehe atakazoandikiwa mgonjwa. Sindano ya kwanza pekee haitoshi. Wapo wanaokatiza njiani kwa sababu ya nauli na gharama, na kwa kweli gharama hiyo humlemea mkulima wa mbaazi katika mwaka wa ukame. Mbwa aliyeuma, iwapo ni mzima na anajulikana, afungwe na kuangaliwa kwa siku 10. Kumuua na kumtupa ni kupoteza ushahidi.

Kumchanja mbwa ni rahisi mno kuliko kumtibu mtu. Mkakati wa kitaifa uliozinduliwa mwaka wa 2014 uliazimia kuutokomeza ugonjwa huu ifikapo mwaka wa 2030, na Makueni na Kitui zikawa miongoni mwa kaunti za kuanzia. Lengo ni kuwachanja angalau mbwa 70 katika kila 100, tena mwaka baada ya mwaka. Hapo ndipo uchanga wa mbwa wa Ukambani unaporejea kuwa kikwazo: waliochanjwa mwaka jana, wengi wao hawapo tena, na waliopo hawakuwa wamezaliwa. Wenye mbwa wengi huwaacha nyumbani wale wadogo wakidhani hawajafikia umri, ilhali wataalamu wanasisitiza kuwa katika kampeni hata watoto wa chini ya miezi mitatu wachanjwe.

Kwa hiyo siku ya chanjo ndiyo pengine siku pekee ambayo mbwa wa Matiliku huongozwa kwa kamba. Kamba yenyewe ni ya katani, ile ile ya kufungia mbuzi, na anayeishika ni mtoto, kwa sababu mbwa hamtii mtu mwingine. Mnyama asiyezoea kufungwa hujikita miguu na kugoma, wengine huikata kamba kwa meno, na mbwa wa maboma yenye uhasama wakikutana kwenye foleni huwa ni vurugu tupu. Wanaojua shughuli hii huwafunga mbwa wao jioni ya kuamkia siku hiyo, kabla ya safari ya usiku kuanza.